Mbao za baraza: nunua dakika, usinunue jina

Msomaji wangu, kabla hatujaanza mazungumzo ya leo, nakuomba uinuke hapo ulipoketi na usimame katikati ya sebule yako. Sasa hesabu njia za kutokea. Madirisha yote yana grili za chuma, na ni haki yake, maana wezi wa mjini hawana likizo. Mlango wa jikoni labda umezibwa nusu na pipa la maji na baiskeli ya watoto. Kwa hivyo umebaki na mlango mmoja tu wa kutegemea. Swali langu la leo ni dogo: ukiufungua mlango huo, mguu wako unakanyaga nini?

Zamani jibu lingekuwa saruji, au udongo ulioshindiliwa vizuri. Siku hizi, katika mitaa inayochipuka kule Syokimau, Ruaka, Kitengela, Ngong na Ruiru, jibu la wengi ni mbao. Watu wa mjini wamependa baraza za mbao. Mafundi huiita deki, ingawa kwa wengi wetu deki ni ile ya kupigwa kwa ndoo na tambara. Haidhuru jina. Ni mahali pazuri pa kunywea chai jioni, pa watoto kufanyia kazi zao za shule, na pa wageni kuketi bila kukanyaga zulia. Jumapili kama leo ndipo jiko la nyama huwekwa.

Sina ugomvi na baraza ya mbao. Ugomvi wangu ni na jinsi tunavyoinunua. Mtu huenda kwenye yadi ya mbao akauliza rangi, akauliza bei ya futi moja, akauliza kama mchwa wataila. Ni wachache mno wanaouliza: je, ikishika moto nitakuwa na dakika ngapi za kuwatoa watoto? Ilhali nyumba yenye grili kila dirishani haina mlango mwingine wa dharura. Baraza iliyo mbele ya mlango ndiyo njia yenyewe ya kuponea. Ikiungua hiyo, jamaa wako ndani.

Wala tusijidanganye kwamba moto ni wa watu wengine. Mwezi wa Juni mwaka wa 2018, moto uliozuka usiku katika soko la Gikomba hapa Nairobi uliua watu 15. Soko si nyumba yako, lakini tabia ya moto ni moja popote: haubishi hodi, na hupenda kuja watu wakiwa usingizini.

HAKUNA MBAO ISIYOUNGUA

Ukifika yadini utaambiwa mengi. "Mama, chukua hii. Ni ngumu kama chuma, haishiki moto hata kidogo." Mshukuru muuzaji kwa ukarimu wake, kisha usimwamini. Hakuna mbao isiyoungua. Kuna mbao inayoshika moto upesi na inayochelewa kushika. Kuna inayokwisha mara moja na inayopigana mpaka msaada ufike. Kwa hakika unapolipia mbao za baraza unalipia dakika, na kazi yako ni kujua dakika hizo ni ngapi.

Wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, wasaidieni wazazi wenu hapa. Mbao ikipashwa joto, kwanza maji yaliyomo hukauka. Joto likipita nyuzi 200 hivi za selsiasi, mbao huanza kuvunjika ndani kwa ndani na kutoa gesi. Gesi hizo ndizo zinazowaka na kufanya ule ulimi wa moto tunaouona. Karibu na nyuzi 300, uso wa mbao huwa umegeuka kaa. Na hapa ndipo penye siri. Kaa hilo ni kama blanketi. Hulizuia joto lisipenye upesi kwenda ndani, na mbao iliyo chini yake huendelea kuwa nzima na yenye nguvu kwa muda.

Wachoma makaa wanalijua jambo hili kwa mikono yao. Gogo nene hukaa tanurini muda mrefu kabla moyo wake haujaiva, ilhali fito huisha upesi. Ni mti ule ule, moto ule ule. Kilichotofautiana ni unene.

UNENE KWANZA, JINA BAADAYE

Wahandisi wa Ulaya wamelipima jambo hili na kuliandika katika kanuni zao za ujenzi wa mbao. Mbao laini za jamii ya msonobari huliwa na moto takriban milimita 0.65 kila dakika. Mbao ngumu na nzito huliwa takriban milimita 0.5 kila dakika. Tuchukue kalamu tupige hesabu.

Ubao wa inchi 1 ukishapigwa randa hubaki na kama milimita 22. Kwa kuwa mbao za baraza huachiwa nafasi kati yake ili maji ya mvua yapite, moto huzila juu na chini kwa pamoja. Baada ya dakika 10, ubao wa saiprasi wa milimita 22 huwa umepoteza 13 na kubaki na 9. Ubao mgumu wa unene huo huo huwa umepoteza 10 na kubaki na 12. Tofauti ipo, lakini ni ya milimita 3 tu, na yote mawili ni mabaki membamba ambayo mtu mzima aliyebeba mtoto hapaswi kuyakanyaga.

Sasa chukua saiprasi ile ile, lakini ya inchi 2, ambayo ikipigwa randa hubaki na kama milimita 45. Baada ya dakika zile zile 10 imebaki na 32. Ubao mgumu wa unene huo umebaki na 35.

Umeona, msomaji? Saiprasi nene imeishinda mbao ngumu iliyo nyembamba, tena kwa mbali. Mtu aliyekopa chamani ili aweke baraza ya mti wa bei ghali, kisha akapunguza unene ili pesa zitoshe, amenunua jina. Jirani yake aliyenunua mti wa kawaida ulio nene amenunua dakika.

Hesabu hii ni ya karatasini. Vipimo hufanywa katika tanuri la majaribio, na nyumbani kuna upepo, mafuta ya nyama yaliyomwagika na nyufa za mbao, mambo ambayo huharakisha kila kitu. Fauka ya hayo, ubao huanza kupoteza nguvu kabla haujaisha. Lakini mpangilio wenyewe haugeuki: nene hudumu kuliko nyembamba.

Na usitazame mbao za juu pekee. Chini yake kuna mihimili inayozibeba, na chini ya mihimili kuna nguzo. Hapa ndipo mafundi wengi hubania. Juu utaona mvule unaong'aa kama kioo, ukichungulia chini unakuta vipande vya mbili kwa mbili vilivyobaki kutoka kwenye kazi ya paa. Moto unaoanzia chini ya baraza utaimaliza mihimili hiyo kabla mbao za juu hazijabadilika rangi, na baraza nzima itaporomoka ikiwa nzima juu. Mihimili iwe na unene usiopungua wa mbao za juu. Mwambie fundi hivyo kabla hajaandika orodha yake ya vifaa.

UZITO NI SHAHIDI

Tukishakubaliana juu ya unene, sasa tuzungumze juu ya miti. Hapa swali ni jingine: cheche ikitua, mbao itachukua muda gani kushika? Mbao nzito huchelewa, kwa sababu joto jingi huhitajika kuupasha uso wake. Mbao nyepesi yenye vinyweleo vingi hupata moto upesi, kama ukuni mkavu unaowashia jiko.

Huhitaji maabara. Shika vipande viwili vya ukubwa mmoja, kimoja kila mkono. Kilicho kizito, kama kimekauka sawasawa na si uzito wa maji, ndicho kitakachochelewa. Unaweza pia kufanya jaribio nyumbani. Mwombe fundi vipande viwili vya miti tofauti, vilivyokatwa sawa, viwekeni nje juu ya jiko la makaa kwa wakati mmoja, na watoto wa shule washike saa, mtu mzima akiwa karibu. Onyo ni moja tu: mbao iliyotiwa dawa isiwekwe motoni kamwe. Sababu yake nitaieleza hivi punde.

Saiprasi, ambayo ndiyo wengi wetu tunaijua, ni nyepesi. Mita moja ya ujazo ikiwa kavu huwa na uzito wa kilo kati ya 400 na 500. Inapatikana kila mahali, inakubali msumari, na bei yake mtu wa mshahara anaiweza. Ukiitumia, iwe nene, na usiiweke pale jiko linapokaa.

Mvule na msaji ziko katikati, karibu kilo 650. Zote mbili huvumilia mvua na jua bila kuoza upesi, na hiyo ni sifa kubwa kwa kitu kinacholala nje usiku na mchana. Mbao iliyooza hushika cheche kama pamba, kwa hivyo kuvumilia mvua ni sehemu ya kuvumilia moto. Msaji hupandwa kwa wingi na majirani zetu wa Tanzania katika mashamba kama Mtibwa na Longuza.

Mbambakofi ni nzito zaidi, karibu kilo 800. Wazee wa pwani waliutumia kwa milango ile ya nakshi tunayoipiga picha kila tukienda Lamu na Unguja. Muhugu nao ni mzito sana na umewahi kutandikwa sakafu nyingi, lakini umekatwa mno na wachonga vinyago, na msitu haurudi kwa haraka ya fundi.

Kuna mmoja tunaoudharau: mkaratusi. Watu husema mkaratusi una mafuta, utawaka kama petroli. Mafuta hayo yamo katika majani, na ni kweli majani yake huwaka kwa hasira. Ubao ni habari nyingine. Nchini Australia, ambako moto wa nyika huteketeza vijiji vizima, kanuni ya ujenzi wa maeneo ya hatari imeorodhesha aina saba za mbao zinazokubalika kwa kustahimili moto bila kutiwa dawa yoyote, na nyingi kati ya hizo ni za jamii ya mkaratusi. Mmoja wao, ule ambao wataalamu huuita Eucalyptus camaldulensis, umepandwa hata hapa kwetu. Lakini sharti uelewe: wanazungumzia mti uliokomaa, ulio mzito. Mkaratusi uliokatwa mchanga kwa ajili ya fito na nguzo si huo. Tena mkaratusi ukikaushwa kwa pupa hupinda na kupasuka, na kila ufa ni kiota cha cheche.

Hapo pana jambo la tatu baada ya unene na uzito, nalo ni ukavu na ulaini wa uso. Mbao mbichi iliyopigwa misumari leo itakauka ikiwa tayari imefungwa, ijikunje na kuacha nyufa. Nunua mapema, ipange kivulini kwa vijiti katikati ili hewa ipite, uiache wiki kadhaa kabla ya kuitumia. Kisha ipigwe randa pande zote, na kingo zake zipunguzwe ukali. Uso wenye nyuzinyuzi na kona kali hushika moto upesi kuliko uso laini.

ULIZA KARATASI

Mbao nyingi zinazouzwa kwetu kwa jina la "mahogani" hutoka Congo. Jina hilo limekuwa kama koti la mtumba: humkaa kila mtu. Mwulize muuzaji ni mti gani hasa na umetoka wapi. Mwaka wa 2022, katika mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Panama, nchi za ulimwengu zilikubaliana kuiweka miti ya Afrika ya jamii za mbambakofi, mninga na mkangazi chini ya uangalizi, kwamba isivuke mipaka bila vibali. Hapa nchini, mbao zinaposafirishwa kutoka msituni au shambani huhitaji kibali cha Huduma ya Misitu, KFS.

Utasema hayo yanahusu nini na moto? Yanahusu sana. Muuzaji asiyeweza kukuambia mti ulitoka wapi hawezi pia kukuambia ulikauka muda gani, wala ulitiwa nini. Na mbao iliyokatwa kwa wizi usiku aghalabu huuzwa mbichi, kwa maana mwenyewe ana haraka ya kuiondoa.

DAWA IPI NI DAWA?

"Hii imetiwa dawa, bosi." Neno hili limewatuliza wengi. Lakini dawa ya nini? Mbao na nguzo zenye rangi ya kijani zimeshindiliwa kemikali za shaba, kromi na aseniki. Dawa hiyo huzuia mchwa na kuoza, na kazi hiyo huifanya vyema. Moto hauizuii. Tena nguzo iliyotiwa dawa hiyo ikishashika, yaweza kuendelea kuungua polepole bila ulimi wa moto muda mrefu baada ya watu kudhani moto umezimika, mpaka iangushwe. Moshi wake na majivu yake yana sumu, kwa kuwa aseniki ni sumu. Ndiyo maana nilikuonya usiiweke motoni. Mabaki ya fundi yenye rangi ya kijani yasitumiwe kupikia, kuotea moto wala kuchomea mahindi ya watoto.

La pili ni oili chafu ya gari. Desturi ya kupaka mbao oili chafu ili mchwa wasije imeenea mjini na mashambani. Nguzo iliyo mbali shambani, sawa, ni shauri lako. Lakini baraza iliyoshikamana na nyumba? Hapo umeichukua mbao uliyoinunua kwa pesa nyingi ichelewe kushika moto, ukaipaka kitu cha kuiharakisha.

La tatu ni varnishi na mafuta ya kupendezesha mbao. Varnishi ya kawaida hulinda dhidi ya maji na jua, si moto. Na kuna hatari moja ambayo wengi hawaijui: vitambaa vilivyotumiwa kupaka mafuta ya kitani, yale yanayoitwa linsidi, vikikunjwa na kurundikwa pamoja huweza kujipasha joto vyenyewe mpaka viwake, bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke kimoja kimoja, au vitie katika mkebe wa chuma wenye maji. Usivisukume chini ya baraza.

Dawa za kweli za kuchelewesha moto zipo. Nyingi hutengenezwa kwa chumvi za fosfati au boroni. Tatizo ni kwamba zile za kawaida huoshwa na mvua kidogo kidogo, na baada ya misimu kadhaa umebaki na mbao tupu na risiti. Ukiuziwa dawa ya moto, dai uandishi unaosema imetengenezwa kwa matumizi ya nje, na uulize ni baada ya muda gani itapakwa tena.

Na wale wanaovutwa na mbao za plastiki iliyotumika upya, kumbukeni kwamba plastiki ya namna hiyo haifanyi kaa la kujikinga. Huyeyuka na kudondosha matone yanayowaka. Ni nzuri kwa ua wa shamba. Mbele ya mlango wa nyumba yenye grili, hapana.

CHINI YA BARAZA KUNA NINI?

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga kimoja pekee huzimika. Cheche iliyoruka kutoka kwa jirani anayechoma takataka itakufa juu ya mbao tupu iliyo safi. Ikikuta majani makavu yaliyojaa kati ya mbao, au magazeti, au gunia la makaa lililohifadhiwa chini, imepata mwenzake.

Huko California nchini Marekani, ambako moto wa msitu huingia mitaani, wataalamu wa moto husisitiza kwamba futi 5 za kwanza kutoka ukutani pasiwe na kitu kinachowaka. Kwetu wazo hilo linatekelezeka kwa bei nafuu: ukanda wa kwanza ulio mlangoni uwe wa saruji, vigae au mawe, na mbao zianzie mbele yake. Utapoteza urembo kidogo. Lakini hata baraza ikiteketea, mlango utafunguka mbele ya jiwe, na moto hautapata ngazi ya kupandia hadi kwenye dari.

Chini ya baraza pamwagwe kokoto badala ya nyasi. Pande zizungushiwe wavu wa chuma wenye matundu madogo, ya milimita 3 hivi, ili hewa ipite na cheche na takataka zisipite. Mtungi wa gesi, petroli ya mashine ya kukata nyasi na kuni havina nafasi huko. Juu pia patazamwe. Mtindo wa kuezeka makuti juu ya baraza umetoka pwani na unapendeza macho, lakini makuti ni majani makavu yenye hewa kila upande. Ukiweka jiko la nyama chini ya makuti juu ya mbao, hapo umejenga jiko kubwa na kuketi ndani yake.

Jiko lenyewe likae ardhini, mbali na baraza. Kama lazima liwe juu, liwe na miguu, lisimame juu ya slabu ya saruji iliyo pana kuliko jiko, si juu ya kigae kimoja chembamba. Na majivu! Kaa lililofunikwa na majivu huweza kulala likiwa hai mpaka asubuhi. Majivu yatiwe katika debe la chuma lenye kifuniko, debe liwekwe juu ya udongo, lisiguswe mpaka kesho yake. Baraza nyingi zinaweza kuponzwa na ndoo ya plastiki iliyojaa majivu ambayo mtu alidhani yamepoa.

KWA WAPANGAJI NA WENYE MFUKO MDOGO

Najua wengi wenu mmepanga, na baraza ni ya mwenye nyumba. Hamwezi kubadilisha mbao, lakini mnaweza kufagia majani, kuondoa magunia chini, kuhamisha jiko na kumwandikia mwenye nyumba barua ya heshima juu ya mihimili iliyooza. Na wanafunzi mnaoishi katika hosteli zenye ngazi za mbao, msikubali ngazi hizo zigeuzwe stoo ya magodoro. Ngazi ni njia.

Kwa mwenye kujenga na pesa ni chache, sikushauri uache baraza. Nakushauri ugawe pesa kwa busara. Mbao nene na nzito ziende kwenye ngazi, mbele ya mlango na kwenye mihimili. Kule mwisho, penye viti na maua, weka saiprasi iliyopigwa randa vizuri. Kama hata hizo haziwezekani, punguza ukubwa wa baraza wala usipunguze unene wa mbao. Baraza ya futi 8 inayobeba watu motoni ni bora kuliko ya futi 16 inayovunjika.

Kata kipande hiki cha mwisho ukibandike jikoni, au umpe fundi:

1. Mbao za juu na mihimili ziwe za inchi 2, si inchi 1.
2. Kati ya mbao mbili za unene mmoja, chagua iliyo nzito ikiwa kavu.
3. Zikaushwe, zipigwe randa, kingo zipunguzwe ukali.
4. Dawa ya mchwa si dawa ya moto. Oili chafu ni marufuku.
5. Mbao ya kijani isichomwe wala isipikiwe.
6. Mlangoni pawe saruji au jiwe.
7. Chini pawe kokoto na wavu wa chuma, pasiwe stoo.
8. Jiko na majivu viwe mbali na mbao.
9. Ufunguo wa mlango na wa grili ukae mahali ambapo hata mtoto wa darasa la pili anapajua.
10. Moto ukizuka, watu watoke kwanza, kisha piga 999 au 112.

Hiyo namba ya 9 haihusu mbao, nakiri. Lakini dakika zote ulizozinunua yadini zitapotea bure kama baba anatafuta ufunguo gizani mifukoni mwa suruali tatu. Jioni ya leo, kabla ya kulala, waulize watoto ufunguo uko wapi. Kisha toka nje na tochi, uchungulie chini ya baraza.

Jumapili ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya nyaya za umeme katika nyumba za kupanga, na namna ya kujua kama soketi moja imebebeshwa mzigo wa tatu. Hadi hapo, jumapili njema.